Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Kipande cha Mfupa Kisitupwe

Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari bingwa wa mifupa, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu: itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, mgeni rasmi, kwa kuwaacha wagonjwa wako kwa muda ukaja kutusikiliza.

Mwaka huu klabu yetu imeshughulikia mada moja tu: jinsi protini zinavyochunguzwa ndani ya mfupa wenye saratani iitwayo osteosakoma. Tuliichagua kwa sababu ni ugonjwa wa rika letu. Huwapata zaidi vijana wakati wa kubalehe, mifupa inaporefuka kwa kasi, na mara nyingi huanzia karibu na goti. Kijana akilalamika, huambiwa ameumia mpirani, goti likachuliwa, na huku saratani inaweza kuhamia kwenye mapafu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kabla ya tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, kuanza kutumika katika miaka ya 1970, waliopona kwa kukatwa kiungo peke yake walikuwa takriban asilimia 20. Leo, pale matibabu yanapokamilika na ugonjwa haujasambaa, asilimia 60 hadi 70 huishi miaka 5 na zaidi. Kinachotusikitisha ni kwamba tangu miaka ya 1980 kiwango hicho hakijapanda sana. Tena daktari hujua kwa hakika kama dawa zimefanya kazi baada ya upasuaji, anapoangalia kwa hadubini iwapo asilimia 90 au zaidi ya uvimbe imekufa. Kwa mgonjwa ambaye dawa hazikumsaidia, wiki nyingi zimeshapotea.

Hapo ndipo protini zinapotupa matumaini. Mwaka 2010 watafiti wa Japan walilinganisha vinyama vilivyochukuliwa kwa wagonjwa wachache kabla ya tiba. Protini iitwayo peroksiredoksini 2 ilikuwa nyingi zaidi kwa wale ambao dawa hazikuwasaidia vizuri. Hicho bado si kipimo cha hospitali, lakini kwetu sisi ni njia ya kufuatwa.

Kazi yenyewe ni ngumu. Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa ni madini, na takribani asilimia 90 ya protini yake ni kolajeni, ambayo huzifunika protini nyingine kama ngoma kubwa inavyoifunika zumari. Kwa hiyo kipande hugandishwa kwa naitrojeni kimiminika na kusagwa, kisha madini huondolewa taratibu. Kimeng'enya cha tripsini hukata protini penye lisini au arginini, ambazo ni asidi amino zinazounda protini, na vipande hivyo hupimwa kwenye spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli. Kompyuta huvilinganisha na protini za binadamu zinazojulikana. Njia za kupima molekuli kubwa namna hiyo ndizo zilizowapa John Fenn na Koichi Tanaka sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ombi letu la kwanza linahusu chumba cha upasuaji. Kinyama kikitiwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, protini hufungamana na kuzisoma baadaye huwa vigumu zaidi. Asidi kali ya kulainishia mfupa nayo huziharibu. Tunakuomba uzungumze na wenzako ili, kwa ridhaa ya mgonjwa au mzazi wake, kipande kidogo kiwe kinahifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, hata kama mashine ya kukisoma haipo karibu. Mashine inaweza kununuliwa miaka ijayo. Kinyama kilichoharibika hakitarudi, na tunaamini vijana wa kwetu wanastahili kuwemo katika sampuli zinazochunguzwa duniani.

Tunaomba pia wanaklabu waruhusiwe kutembelea maabara ya patholojia, na utupangie siku moja uje uwaeleze wanafunzi wote na wazazi kwamba goti linalovimba na kuuma usiku bila kupoa lipigwe eksirei mapema. Tangazo hilo tuko tayari kulipeleka wenyewe hadi shule jirani.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Sayansi