Risala ya Walezi wa Wagonjwa wa Skizofrenia kwa Mgeni Rasmi, Kirumba, Mwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa mtaa, wauguzi, wazazi wenzetu, na ninyi ndugu zetu mnaotumia dawa,

Karibu Kirumba. Sisi tunalea wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Ni mama lishe, wachuuzi wa dagaa wa pale Mwaloni, wavuvi, na mwalimu mstaafu aliyetuonya risala isizidi ukurasa mmoja.

Mheshimiwa, huku kwetu mgonjwa akinenepa watu hushangilia: "Dawa zimemkubali!" Na kweli, sauti zimenyamaza, analala, anaoga bila kusukumwa. Lakini olanzapini na klozapini, dawa za ugonjwa huu zinazotuliza wengi, ndizo pia zinazoongoza kwa kuchochea njaa na kuvuruga sukari na mafuta mwilini. Kijana anamaliza ugali wa watu wawili, anaulizia mwingine. Siku suruali zikigoma kupanda, anaanza kuficha kidonge chini ya ulimi. Sauti zinarudi, nasi tunakimbilia kusema karogwa upya.

Wala si dawa peke yake. Mwaka 1879, miongo mingi kabla ya vidonge hivi, daktari Mwingereza Henry Maudsley aliandika kwamba kisukari hujitokeza mara nyingi katika familia zenye maradhi ya akili. Siku hizi vipimo vimeonyesha sukari ikiyumba hata kwa baadhi ya wagonjwa wapya ambao hawajameza dawa yoyote. Wenye kitambi, presha na sukari kwa pamoja, mara nyingi kumbukumbu na umakini wao huwa dhaifu zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema wenye maradhi makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema, wengi kwa magonjwa ya mwili yanayozuilika.

Ombi letu: siku ya kliniki ya akili, mgonjwa apimwe uzito, kiuno, presha na sukari palepale. Kumwambia apande daladala wiki ijayo kwenda kliniki nyingine ni kumpoteza. Tunaomba mzani, tepu, na mashine ya sukari pamoja na vijiti vyake, maana vijiti ndivyo huisha kwanza. Tunaomba pia madaktari wafikirie mapema metformini, dawa ya kisukari inayosaidia kupunguza unene huu, badala ya mgonjwa kujiachisha dawa mwenyewe.

Kwa upande wetu tumeanza matembezi ya Jumamosi kando ya ziwa, na soda tumezifuta kwenye vikao, isipokuwa leo kwa heshima yako.

Mheshimiwa, tunaomba kuwasilisha.