Mimba "kutoka" si mimba "kutolewa"

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na Waswahili wenzangu tunaojifungulia huku Uingereza, kuhusu kudai mkalimani hospitalini.

Mimi na mume wangu sote tumebeba kinasaba cha selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi), ingawa hatuugui. Kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Ndiyo maana, mimba ikiwa na wiki 16, nilishauriwa nipimwe maji ya chupa ya uzazi: sindano ndefu inapitishwa tumboni huku wakitazama kwa ultrasaundi, wanavuta maji kidogo yanayomzunguka mtoto, wanakwenda kuyapima.

Mkalimani hakuwepo, akatafsiri mdogo wake mume wangu. Daktari alieleza uwezekano wa mimba kuharibika. Kijana wa watu, kwa aibu, akaniambia, "Shemeji, anasema wanaweza kutoa mimba." Nilisimama nitoke. Alipoona hivyo akageuza: "Aa, ni sindano tu, we weka sahihi." Nikaweka.

Mwanangu alizaliwa salama, simlaumu shemeji. Lakini nilisaini nini? Baadaye ndipo nilipojua kwamba, kwa maelezo ya huduma ya afya ya huku, mimba inaharibika kwa chini ya mmoja kati ya 200 wanaopimwa. Daktari anaiona hatari hiyo ni ndogo. Aliyehangaika miaka tisa kushika mimba huenda asiione hivyo. Sikujua pia kwamba kuna kipimo cha kondo la nyuma, wiki ya 11 hadi 14, ambacho kingenipa jibu mapema. Wala hakuna aliyeniuliza: ukiambiwa mtoto ana selimundu, utafanya nini? Maana kipimo hakitibu.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huku, katika kesi ya Nadine Montgomery, mama wa Scotland mwenye kisukari ambaye hakuambiwa hatari ya mtoto kukwama mabega wakati wa kuzaliwa, iliamua kwamba daktari lazima amweleze mgonjwa hatari ambazo yeye mgonjwa angeziona ni kubwa, na njia nyingine zilizopo. Sasa utaelezwaje kwa lugha usiyoielewa? Mkalimani ni haki yako na humlipi wewe.

Mimba ya pili niligoma kusaini mpaka akapatikana mkalimani kwa simu, mama mmoja mwenye lafudhi ya Mombasa. Tuliongea karibu dakika arobaini. Nikaamua nisichomwe.

Mama wa wawili,
Leicester, Uingereza