Jumla ya kilo peke yake haitoshi kumpima bingwa wa uzani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie orodha za wanyanyua uzani bora wa Olimpiki wa nyakati zote, zinazochapishwa kila Michezo inapokaribia. Karibu zote hupangwa kwa jumla ya kilo, na hivyo Lasha Talakhadze wa Georgia hukaa juu kwa kilo 488 alizonyanyua Tokyo 2020: 223 kwenye snachi (chuma hutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja) na 265 kwenye klini na jeki (kwanza hadi mabegani, kisha juu ya kichwa). Kilo hizo ni halali na hakuna mwingine aliyezifikia kwenye Olimpiki kwa minyanyuo hiyo miwili. Shida ni kwamba orodha hizo huziweka kando ya kilo za 1936, 1956 au 1972 kana kwamba zote zilipimwa kwa mashindano ya aina moja.

Tangu 1928 hadi Munich 1972 mnyanyuaji alishindana kwa minyanyuo mitatu. Wa kwanza ulikuwa presi: unabeba chuma hadi mabegani, unasimama wima, mwamuzi anatoa ishara, kisha unakisukuma juu kwa nguvu za mikono tu bila kukunja magoti. Ndivyo sheria ilivyosema. Ilivyofanyika ni jambo lingine. Wanyanyuaji walijifunza kusukuma nyonga mbele, kupinda mgongo nyuma na kukifyatua chuma kwa kiwiliwili kizima, hata baadhi yao wakawa kama wamelala chali hewani. Waamuzi watatu walitazama kitendo kimoja na kila mmoja akaona chake. Presi ikafutwa baada ya Munich, na tangu Montreal 1976 imebaki minyanyuo miwili tu.

Sasa mtazame Vasily Alekseyev wa Umoja wa Kisovieti. Munich alipata jumla ya kilo 640, na Montreal 440. Asiyejua historia atadhani nguvu ziliporomoka kwa kilo 200. Ondoa presi ya kilo 235 kwenye zile 640 zinabaki 405, yaani snachi 175 na klini na jeki 230. Miaka minne baadaye, bila presi, akanyanyua 185 na 255. Ongezeko la kilo 35 halikutokana na misuli pekee. Presi ilikuwa inatangulia, inachosha mabega na mgongo kabla ya kazi nyingine, na ilikula sehemu ya muda wa mazoezi. Kwa hiyo hata kuitoa presi kwa hesabu ya kutoa hakumfanyii haki mtu wa kabla ya 1972. Snachi yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuchoka.

Mbinu nazo zimebadilika. Hadi miaka ya 1960 chuma hakikuruhusiwa kugusa mapaja wakati wa kuvutwa. Leo mnyanyuaji hukiburuza karibu na mwili na kukipiga kwa nyonga, na hapo ndipo kasi kubwa inapopatikana. Wengi wa zamani tena walikidaka chuma kwa kutanua miguu, mmoja mbele mwingine nyuma. Ukitanua hivyo nyonga hazishuki sana, kwa hiyo chuma lazima kivutwe juu zaidi, na goti la nyuma likigusa sakafu jaribio limekufa. Anayechuchumaa chini kabisa hukidaka chuma kikiwa chini zaidi, na kila sentimita anayookoa ni kilo za kuongeza.

Kuna na jambo dogo la hesabu ambalo wengi hulisahau. Kabla ya 2005 uzito uliongezwa kwa kilo 2.5. Rekodi ya dunia iliweza kujaribiwa kwa nusu kilo, lakini kwenye jumla ilishushwa hadi kizidishe cha 2.5. Hossein Rezazadeh wa Iran alinyanyua 263.5 kwenye klini na jeki huko Athens 2004, ila kwenye jumla yake ya 472.5 ziliandikwa 262.5. Kilo moja ilipotea kwenye karatasi. Na siku zile waliofungana walitenganishwa kwa uzito wa mwili, mwepesi akatangulia. Sydney 2000, daraja la kilo 85 (la wasiozidi uzito huo wa mwili), Pyrros Dimas wa Ugiriki, Marc Huster wa Ujerumani na George Asanidze wa Georgia wote walifika 390, na Dimas akapewa dhahabu kwa wepesi wake. Leo mizani ya mwili haiulizwi. Anayeifikia jumla kwanza ndiye anayetangulia.

Wapo wanaosema dawa ya yote haya ni fomula ya Sinclair, inayogeuza jumla ya mtu wa uzito wowote iwe kama ya mtu mzito kabisa. Ni chombo kizuri, ila kina ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe huonekana ukikaa na kalamu. Unachukua uzito wa mwili, unaugawa kwa uzito wa msingi (ule ambao anayeufikia haongezewi kitu), unatafuta logi ya besi 10 ya jibu, unaizidisha kwa yenyewe, unazidisha tena kwa namba maalumu, halafu unainua 10 kwa kipeo hicho. Unachopata ni kizidishio cha jumla yake.

Mchukue Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, Seoul 1988, daraja la kilo 60, jumla 342.5. Kwa namba za 2017 hadi 2020 uzito wa msingi ni 175.508 na namba maalumu ni 0.75194503. Gawa 60 kwa 175.508 upate 0.3419, logi yake ni −0.4661, kipeo cha pili ni 0.2173, zidisha upate 0.1634, kizidishio kinakuwa 1.4568. Jumla yake inageuka 498.9. Kwa namba za 2021 hadi 2024, ambapo msingi ni 193.609 na namba maalumu ni 0.722762521, kizidishio kinapanda hadi 1.5385, na mnyanyuo uleule wa 1988 unakuwa 526.9. Mtu hajagusa chuma tena, lakini ameongezewa kilo 28.

Zaidi ya hapo, mpangilio wenyewe unageuka. Yurik Vardanyan wa Umoja wa Kisovieti alinyanyua 400 Moscow 1980 katika daraja la kilo 82.5. Kwa namba za zamani anapata kama 482 na yuko nyuma ya zile 488 za Talakhadze. Kwa namba mpya anapata 503 hivi, na Talakhadze anabaki kwenye 489. Sababu ni kwamba namba hizo hupigwa upya kila baada ya Olimpiki kwa kufuata viwango bora vya miaka ya karibuni. Akitokea mtu mmoja mzito mwenye rekodi kubwa, mkunjo wote unasogea. Sinclair inafaa kulinganisha watu wa mashindano ya mwaka mmoja. Kuvuka nusu karne nayo ni kuibebesha mzigo usio wake.

Kipimo cha "mara ngapi ya uzito wa mwili" ndicho dhaifu kuliko vyote. Süleymanoğlu aliweka 190 juu ya kichwa kwenye klini na jeki, zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Ni maajabu, lakini ukimdai mtu wa kilo 170 mara tatu yake unamdai 510. Mwili ukikua, uzito wake hukua haraka kuliko unene wa misuli inayoubeba.

Ninachopendekeza ni kumpima mtu kwa waliosimama naye jukwaani: alimwacha wa pili kwa asilimia ngapi, na je, jumla yake ingeshinda daraja lililo juu yake? Hapo sheria, chuma, viatu na mbinu vinakuwa vilevile kwa wote.

Kwa kipimo hicho naanza na Khadr El Touni wa Misri, ambaye orodha nyingi humsahau. Berlin 1936, daraja la kilo 75, alinyanyua presi 117.5, snachi 120, klini na jeki 150, jumla 387.5. Wa pili, Rudolf Ismayr wa Ujerumani, alikuwa na 352.5. Tofauti ni kilo 35, karibu asilimia 9.9. Bingwa wa daraja la juu yake, la kilo 82.5, Louis Hostin wa Ufaransa, alishinda kwa 372.5, maana yake El Touni angempita kwa kilo 15 akiwa mwepesi zaidi. Vita vikafuta Michezo miwili, na aliporudi London 1948 alishika nafasi ya nne. Kasoro ya hesabu yake ni kwamba Umoja wa Kisovieti, baadaye mbabe wa mchezo huu, haukuanza kushiriki Olimpiki hadi 1952.

Vardanyan, Moscow 1980, alimwacha Blagoi Blagoev wa Bulgaria kwa kilo 27.5, asilimia 7.4. Pungufu kwa asilimia, lakini 400 zake zingeshinda daraja la kilo 90, lililochukuliwa kwa 377.5, na hata la kilo 100, lililochukuliwa kwa 395. Madaraja mawili! Watakaosema Moscow ilisusiwa wakumbuke kwamba wababe wa mchezo huu wakati ule, Wasovieti na Wabulgaria, walikuwepo. Kususia kulikoharibu uzani ni kwa 1984. Los Angeles dhahabu ya kilo 82.5 ilikwenda kwa Petre Becheru wa Romania kwa 355, na mwaka huohuo huko Varna, kwenye mashindano ya nchi zilizosusia, Vardanyan alinyanyua 405. Ukipanga orodha kwa medali tu, Becheru ni bingwa wa 1984 na Vardanyan hayupo.

Süleymanoğlu alimwacha Stefan Topurov wa Bulgaria kwa kilo 30, asilimia 9.6, na Topurov huyo ndiye mtu wa kwanza duniani kunyanyua mara tatu ya uzito wake kwenye klini na jeki, mwaka 1983. Kumwacha mtu kama huyo kwa kilo 30 si sawa na kumwacha mgeni wa mchezo. Jumla ya Süleymanoğlu pia ilizidi 340 za Joachim Kunz wa Ujerumani Mashariki, bingwa wa kilo 67.5. Haki itendeke: Kunz alipewa dhahabu baada ya Angel Genchev wa Bulgaria, aliyenyanyua 362.5, kufutwa kwa dawa iliyopigwa marufuku. Hata hivyo Süleymanoğlu akashinda tena 1992 na 1996.

Na Talakhadze? Tokyo alimwacha Ali Davoudi wa Iran kwa kilo 47, asilimia 10.7. Kwa karatasi anawazidi wote watatu. Lakini Paris 2024 tofauti yake na Varazdat Lalayan wa Armenia ilikuwa kilo 3 tu, na daraja lake halina ukomo wa juu, kwa hiyo hakuna daraja la kumpimia. Kwa wanawake pengo ni kubwa zaidi: Li Wenwen wa China alinyanyua 320 Tokyo na Emily Campbell wa Uingereza 283, asilimia 13.1. Siku hizi nchi hupeleka mtu mmoja kwa daraja, na baadhi ya nchi zilifungiwa Tokyo kwa kesi za dawa, hivyo wa pili wa leo si lazima awe wa pili duniani. Barcelona 1992, Kakhi Kakhiashvili na Sergey Syrtsov wa timu moja walifungana kwa 412.5, kwa utaratibu wa leo mmoja wao angebaki nyumbani. Wanawake wenyewe waliingia Olimpiki 2000 tu, na kuwachanganya na wanaume kwenye orodha moja ni uvivu.

Dawa haziwezi kurukwa. Vipimo vya steroidi kwenye Olimpiki vilianza Montreal 1976, kwa hiyo waliotangulia hawakupimwa steroidi kwenye Michezo hata siku moja. London 2012 daraja la kilo 94 lilifumuliwa baada ya sampuli kupimwa upya: Ilya Ilyin wa Kazakhstan alinyang'anywa dhahabu, pamoja na ile ya 2008, waliomfuata kwenye jukwaa nao wakafutwa, na Saeid Mohammadpour wa Iran aliyemaliza wa tano akawa bingwa. Talakhadze alifungiwa miaka miwili kuanzia 2013, kabla ya medali zake zote za Olimpiki. Halil Mutlu wa Uturuki, mwenye dhahabu tatu, alinaswa 2005, baada ya zake. Matokeo yaliyofutwa yatoke kwenye orodha. Adhabu za nje ya Michezo zibaki na alama pembeni ya jina, msomaji aamue.

Mimi namweka Süleymanoğlu wa kwanza, Vardanyan wa pili, El Touni wa tatu, Talakhadze wa nne. Tommy Kono wa Marekani, aliyeshinda kilo 67.5 mwaka 1952 na 82.5 mwaka 1956 na kuvunja rekodi za dunia katika madaraja manne, ni wa tano. Gazeti lako likichapisha tena orodha kama hiyo, kando ya jumla ziwekwe safu nne: idadi ya minyanyuo iliyoshindaniwa, uzito wa daraja, jumla ya aliyeshika nafasi ya pili, na jumla ya bingwa wa daraja la juu yake. Zinaenea kwenye mstari mmoja.

Wako,
Msomaji na mfuatiliaji wa uzani