Wanyama hawamalizwi na bunduki tu

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kidogo. Huku Iringa ukitaja wanyama kutoweka watu wanawaza majangili na tembo basi, lakini jamani chura wa Kihansi nani alimpiga risasi? Kachura kadogo kama ukucha wa dole gumba, kanazaa watoto hakatagi mayai (mi hilo hunishangaza mpaka leo), na dunia nzima kalikuwa kanaishi lile korongo la mto Kihansi tu penye manyunyu ya maporomoko. Wamekagundua 1996, bwawa la umeme likaanza kazi maji yakapungua manyunyu yakakata, wakafunga mabomba ya kunyunyizia ila ugonjwa wa fangasi wa ngozi nao ukaingia, 2009 kakatangazwa hakapo tena porini, afadhali wengine walishapelekwa Marekani kufugwa ndo wakarudishwa 2012.

Sasa naumia na kipunji wa Rungwe na Kitulo. Kima huyu sayansi imemjua 2003 tu, na misitu yake inaliwa na mbao na mkaa, akishuka kwenye mahindi anakuta mitego. Hana kwingine pa kukimbilia! Wakulima wa pembeni ya msitu wasaidiwe kulinda mashamba bila mitego, na kuni wapandiwe zao, naomba gazeti lifuatilie.

Msomaji wenu, Iringa