Hita ya gesi ikijizima ina sababu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo lililotupata nyumbani kwangu Chikongola, hapa Mtwara, Julai iliyopita. Hita za maji za gesi zimeanza kuonekana majumbani kwetu, na mafundi wengi wanaoitwa kuzitengeneza wamezoea majiko tu.

Binti yangu alikuja kujifungulia kwangu, uzazi wake wa kwanza. Kwetu mzazi anakandwa asubuhi na jioni mpaka arobaini itimie, na maji yenyewe yawe ya moto kweli, si ya uvuguvugu. Mkwe wangu alituonea huruma kwa kuchemsha ndoo baada ya ndoo kwenye mkaa. Akanunua Dar es Salaam hita ya gesi, ile ya kubandika ukutani inayochemsha maji yakiwa yanapita, akaituma kwa basi. Fundi wa mtaani akaja kuifunga. Aliifunga ndani ya bafu, mtungi wa kilo 15 ukakaa nje, mpira wa gesi ukapitishwa ukutani. Bomba la moshi lililokuja ndani ya boksi hakulifunga. Alisema hilo ni la nchi za baridi. Mimi sikujua, nikanyamaza.

Wiki ya kwanza tulisumbuliwa na mambo madogo. Siku moja haikuwaka kabisa, unafungua maji husikii hata ule mlio wa cheche. Kumbe ni betri. Hita ya aina hii haichomekwi kwenye umeme, ina betri mbili kubwa kama za tochi chini yake, na zikichoka hakuna cheche. Siku nyingine cheche zinalia lakini moto haushiki, na hapo tatizo lilikuwa maji. Ndani yake kuna mpira mwembamba unaosukumwa na maji yanayopita, na usiposukumwa kwa nguvu ya kutosha haufungui njia ya gesi. Simtanki letu liko kwenye mnara mfupi, halafu kichujio kidogo pale maji yanapoingilia kilikuwa kimejaa mchanga. Kikasuuzwa, moto ukashika. Yote hayo ningeyafanya kwa mikono yangu kama karatasi ya maelezo ingekuwa na sentensi moja ya Kiswahili. Ilikuwa ya Kichina, na Kiingereza kidogo. Fundi nilimlipa mara mbili.

Tatizo la tatu ndilo lililonishikisha kalamu. Hita ilianza kujizima. Inawaka vizuri, maji yanatoka ya moto, baada ya dakika saba au nane inazima yenyewe. Tukiacha mlango wa bafu wazi kwa muda, inawaka tena. Naomba msomaji ashike hapo, kwenye mlango. Mzazi hatakiwi kupigwa na upepo, na Julai kusi linavuma, kwa hiyo dirisha la bafu tulilifunga na upenyo tukauziba kwa khanga. Hakuna kati yetu aliyeyaunganisha mambo hayo mawili.

Fundi alifungua kifuniko, akanionyesha kidude cha duara, hakizidi kizibo cha soda, kimebanwa juu karibu na tundu la kutokea moshi, kina waya mbili. "Mama, sensa hii ndiyo inayokusumbua, imekufa." Akakata waya zote mbili, akaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, akazungushia utepe mweusi. Kweli, hita haikujizima tena. Tukamshukuru, akaenda zake.

Siku tatu baadaye binti akaanza kulalamikia kichwa na kichefuchefu, miguu haina nguvu. Homa hana. Tukasema ni uzazi, damu imepungua, tukazidisha uji wa pilipili manga. Akishinda ukumbini kichwa kinaachia, jioni akikandwa kinarudi. Aliyenishtua ni mkandaji wetu, mama wa jirani aliyekanda wazazi wa mtaa huu miaka mingi. Naye akasema kila akitoka bafuni kwangu kichwa kinamgonga. Yeye hakuzaa! Nilikuwa bado nalitafakari neno lake jioni ile ile, nikasikia kelele. Binti alikuwa ameteleza kutoka kwenye kigoda, amelegea mikononi mwa mkandaji. Tuliwatoa nje, uani, wote wawili, tukaita bajaji, tukakimbilia hospitali. Mtoto, namshukuru Mungu, alikuwa anaogeshwa chumbani kwenye beseni.

Daktari aliuliza, "Huko mnakoogea kuna kitu kinawaka?" Akawawekea oksijeni. Kisha akatueleza kuwa gesi ikiungua mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Inang'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Ni sumu ile ile ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, ambayo wazee wetu walitukataza kulala nayo. Mkaa tunauogopa kwa kuwa tumeshasikia watu waliokufa usingizini. Gesi tunaiona safi, na tumezoea kwamba ikivuja tutainusa. Harufu ile ya mtungi imetiwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Sumu hii haikutiwa harufu na mtu yeyote.

Kesho yake niliiwasha hita milango ikiwa wazi, nikachungulia kidirisha chake. Moto uliokuwa wa bluu siku ya kwanza ulikuwa wa njano, unachezacheza, na bati la juu limeshika masizi. Dalili zilikuwa mbele ya macho yangu siku zote hizo.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi wa Mtwara. Gesi yetu ya Mnazi Bay, inayosafishwa Madimba na kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2015, si gesi ya mtungi. Hii yetu kwa sehemu kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda. Ya mtungi ni nzito, inatambaa sakafuni na kutuama. Hata vitundu vya kutolea gesi ndani ya hita havilingani, vya gesi ya mtungi ni vidogo zaidi. Hita iliyotengenezwa kwa gesi asilia ikipewa ya mtungi hutoa moto mkubwa wa njano wenye masizi, na sumu yake ndiyo hiyo niliyoieleza. Baadhi ya nyumba za hapa mjini zimekwisha kuunganishiwa gesi asilia. Anayehamia huko, au anayeletewa hita kama zawadi, asome kwanza kibandiko cha ubavuni kujua ni ya gesi ipi.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, nami naliunga mkono kwa moyo wote, maana macho yangu yameharibiwa na moshi wa kuni. Lakini maofisa wanaokuja mitaani kugawa mitungi wawaambie watu pia kuhusu hewa ya kutosha. Wauzaji wa hita waweke karatasi ya Kiswahili ndani ya boksi. Wakunga wa kliniki wawaulize wazazi wanakandiwa wapi na maji yanachemshwa na nini. Na nyinyi mafundi, wanangu, kitu cha usalama kama sensa ile kikizima mashine, tafuteni kwanza kilichokifanya kizime. Betri badilisheni, kichujio safisheni, lakini waya ule msiukate.

Mkwe wangu alituletea fundi mwingine. Aliihamishia hita ukuta wa uani, chini ya paa mvua isipofika, akasafisha masizi, akafunga lile bomba la moshi lililokuwa limelala stoo, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mpira kutazama kama gesi inavuja. Bafuni sasa linaingia bomba la maji ya moto tu, na arobaini ilimalizika dirisha likiwa limefungwa kama tulivyotaka. Nilimuuliza sensa mpya ni bei gani. Akasema haihitajiki. Aliondoa utepe mweusi, akairudishia waya sensa ile ile tuliyoambiwa imekufa, na inafanya kazi mpaka leo.

Msomaji wenu,
Bibi wa Chikongola, Mtwara