Baba Anayesimuliwa na Wengine

Mji wa Kale,
Mombasa

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusoma kwamba umeanza kutazama filamu za katuni pamoja na mwanao, ila sikubaliani nawe unaposema kwamba hakuna inayoishinda The Lion King ya mwaka 1994 kwa kuonyesha mapenzi ya baba na mwana. Mufasa ni baba mwema, na pale anapomkiria mwanawe Simba kwamba aliingiwa na hofu ya kumpoteza, mtu hukosa la kusema. Lakini anakufa mapema, akiwa amekwisha kukamilika, na mzigo wote wa kubadilika unabaki kwa mwana.

Anigusaye zaidi ni baba ambaye mwenyewe ana la kujifunza. Katika Finding Nemo ya mwaka 2003, samaki Marlin anapoteza mke na mayai yote isipokuwa moja, na mwana anayezaliwa, Nemo, ana pezi moja dogo kuliko jingine. Basi anamlea kwa hofu tupu, hata mtoto anamwambia waziwazi kwamba anamchukia. Punde mzamiaji anamnasa mtoto, naye anaishia Sydney ndani ya tangi la daktari wa meno. Watu husifu safari ya baba kumtafuta, lakini mimi hupenda jinsi habari zake zinavyomtangulia: anawasimulia kasa wadogo, nao wanawasimulia wengine, mpaka ndege mmoja aina ya mwari anazifikisha kwa Nemo, ambaye anastaajabu kwa kuwa baba aliyemjua ni mwoga.

Hapo nilimkumbuka marehemu baba yangu, aliyefanya kazi bandarini Kilindini na ambaye hakuwahi kunieleza alivyohangaika kwa ajili ya karo yangu. Niliyapata hayo barazani, kwa wazee wenzake, wakiyataja kana kwamba nilikuwa nikiyajua siku zote. Baba zetu unawafahamu: walilipa, wakanyamaza. Ndiyo maana Stoick, chifu wa Waviking (watu wa kale wa kaskazini mwa Ulaya) katika How to Train Your Dragon (2010), anayemwomba mwanawe radhi uso kwa uso baada ya kumkana, namwamini kwa shida kidogo, ingawa huenda Waviking wana desturi zao.

Tena mwishoni mwa Finding Nemo, jarife la wavuvi linapomnasa Dory, samaki aliyefuatana na Marlin safarini, pamoja na kundi zima la samaki, Nemo anaomba kuingia humo ili awaongoze wote waogelee kuelekea chini, na Marlin, aliyevuka bahari kwa ajili yake, anamwachilia. Kwangu mimi uamuzi huo ni mgumu kuliko papa wote aliokutana nao njiani.

Ukimwonyesha mwanao filamu hiyo, keti naye tangu mwanzo, kwa sababu mama anauawa katika dakika za awali kabisa na mtoto wa umri wake anaweza kushtuka. Kisha uniandikie kama bado unamshikilia Mufasa wako.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi nduguyo.