Ratiba ya ligi inawafukuza watazamaji Gombani

Mhariri,

Kila msimu wa ligi ukianza hapa Pemba hurejea kilio kile kile: majukwaa ya uwanja wa Gombani, Chake Chake, matupu, timu zinacheza mbele ya wachezaji wa akiba, askari wa zamu na watoto wa jirani. Na kila mara jawabu huwa moja, kwamba watu siku hizi wameuchoka mpira wa nyumbani, macho yao yako kwa Simba, Yanga na ligi ya Uingereza.

Jawabu hilo halisimami. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa hapa hapa Gombani kwa timu za taifa, na tarehe 13 Zanzibar ikaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Uwanja ulifurika, na waliofurika ni hawa hawa wa Chake, Wete, Mkoani na Micheweni tunaoambiwa wamechoka. Nenda pia kwenye ndondo ya kijijini siku ya kugombea ng'ombe, uone kama utaupata mstari wa pembeni kwa wingi wa miguu. Huko Unguja mashindano ya mtaani ya Yamle Yamle yanakusanya watu ambao mechi ya ligi ya wiki hiyo hiyo haiwapati.

Kwa tunavyoona sisi tunaoshughulika na mechi hizi milangoni na pembeni mwa uwanja, kinachowatoa watu kwenye ligi ni ratiba: saa, siku, na desturi ya kuigeuza geuza. Yapo na mengine, tutayagusa, lakini hili ndilo lenye uzito.

Tuanze na saa. Mchezo wa dakika 90, pamoja na mapumziko ya 15 na nyongeza ya dakika sita au saba kwa vipindi vyote viwili, hula kama dakika 112. Ukianza saa 10:15 unamalizika saa 12:07 jioni. Hapo umeanza kwa wakati. Gari ya wagonjwa ikichelewa, fomu za wachezaji zikiwa na kasoro au neti ikionekana imechanika wakati timu ziko tayari kuingia, robo saa imekwenda na filimbi ya mwisho italia saa 12:22. Sasa tazama jua. Pemba mwezi wa Mei na Juni, na tena Oktoba na Novemba, magharibi huingia kiasi cha saa 12:15. Februari huchelewa mpaka karibu saa 12:45. Kwa hiyo saa ile ile ya kuanzia ambayo Februari haina neno, Oktoba inamweka mtu baina ya mpira na sala. Ndiyo maana kuanzia dakika ya 70 jukwaa huanza kupungua, wazee mbele. Wa Wete na Mkoani hawangoji hata dakika hiyo, kwani gari za njia hizo hupungua giza likiingia na hakuna anayetaka kulala Chake kwa ajili ya mpira. Mtu akikosa dakika 20 za mwisho mara tatu, mara ya nne haji kabisa.

Dawa yake ni dakika 15 tu. Miezi hiyo ambayo jua huzama mapema mchezo uanze saa 10 kamili. Alasiri huingia baina ya kama saa 9:10 na 9:55 kutegemea mwezi, kwa hiyo anayesali uwanjani anawahi, ilimradi pawe na mahali pa kusalia na maji. Pipa la lita 200 linawatosha watu 60 na zaidi kwa lita tatu kila mmoja. Si gharama ya kuombea msaada. Neti, bendera za kona na mistari zikaguliwe asubuhi, isiwe saa 9:45. Mechi ya Februari inaweza kubaki saa 10:15 bila ya tatizo. Kosa la ratiba zetu ni kuushika wakati mmoja mwaka mzima kama kwamba jua nalo limesaini mkataba.

La pili ni televisheni, na hapa ni vizuri kujua kwamba maradhi haya wameugua wengi kabla yetu. Uingereza, tangu miaka ya 1960, mpira hauoneshwi moja kwa moja kwenye televisheni za nchini humo Jumamosi baina ya saa 8:45 mchana na saa 11:15 jioni kwa saa zao, ili timu za madaraja ya chini zisinyang'anywe watu wao. Wakaazi wa Burnley au Rochdale hawaioneshwi nyumbani mechi ya saa 9 ya kwao. Sisi Chake tunaoneshwa.

Marekani mgogoro huu uliwakumba zaidi vyuo, khasa vile vidogo, kwenye mpira wao wa kubeba mikononi. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianza kubana matangazo ya televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa hofu ya viti vitupu. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba kubana huko kunavunja sheria ya ushindani wa biashara. Tangu hapo vyuo vikubwa vinaonekana Jumamosi kutwa, na chuo kidogo kinashindana na kochi la sebuleni. Kinga iliyobaki ni ya sheria ya 1961: ligi ya kulipwa ikirusha mechi zake Ijumaa usiku au Jumamosi wakati wa msimu wa vyuo, ndani ya maili 75, yaani kama kilomita 120, kutoka uwanja wenye mechi ya chuo, inapoteza ruhusa iliyopewa na sheria hiyo ya kuuza matangazo ya timu zake zote kwa pamoja.

Sisi hatuna uwezo wa kuzima king'amuzi cha mtu, na banda la televisheni ni riziki ya mwenyewe. Lakini saa za televisheni zinajulikana miezi kabla, na hapa ndipo wapanga ratiba wetu wanapolala. Mechi nyingi za Jumamosi za Uingereza, zile za saa 9 alasiri kwa saa za London, kwetu huanza saa 11 jioni mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Siku hiyo Waingereza hurudisha saa zao nyuma, na mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi mechi hizo huanza kwetu saa 12 jioni. Zile za Jumapili za saa 8 mchana huko, hapa ni saa 10 jioni, kisha saa 11 baada ya mabadiliko. Za Ijumaa huwa usiku wao, kwetu ni saa 4 au saa 5 usiku.

Ukiziweka saa hizo kando ya zetu, jawabu linajitokeza. Jumamosi kuanzia Novemba mpaka Machi ni nzuri: mchezo ukianza saa 10 unakwisha kabla ya saa 12, mtu anasali magharibi kisha anakwenda bandani kama anataka. Jumamosi ya Agosti mpaka Oktoba ni mbaya, kwani kipindi cha pili chetu kinagongana na kipindi cha kwanza cha mechi kadhaa za huko. Jumapili ni mbaya mwaka mzima. Ijumaa jioni iko wazi mwaka mzima, ofisi nyingi zimeshafungwa mapema kwa ajili ya sala, watu wako mjini na nguo wameshavaa. Hatuelewi kwa nini mechi kubwa za Pemba haziwekwi Ijumaa. Simba na Yanga ndio wagumu, kwa sababu mechi zao huhama. Hapo inatosha kuhakikisha kwamba siku zinapokutana wao kwa wao, sisi hatuchezi.

Mtu atasema bei ndiyo inayowazuia watu, tufungue milango bure. Hapana. Banda la televisheni linatoza na linajaa. Mlango wa bure humpa mtu nafasi ya kuingia mechi moja, haumpi sababu ya kurudi ya pili, na klabu inabaki bila hata ya nauli.

Kero iliyo kubwa kuliko bei ni mechi kuhamishwa. Timu za Unguja zinakuja kwa boti, na boti ina siku zake, kwa hiyo kuna mabadiliko yasiyoepukika. Lakini mechi iliyotangazwa Gombani ikapelekwa uwanja wa FFU Finya, Wete, asubuhi ya siku yenyewe, au ya Jumamosi ikawa Jumatatu kwa picha moja iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp saa 5 usiku, hiyo ni kumfundisha mtazamaji asiamini tangazo lolote. Aliyetoka Mkoani kwa nauli yake akakuta geti limefungwa hatapanda gari tena. Tunapendekeza ratiba itoke siku 14 kabla kwa uchache, na ndani ya saa 72 za mwisho isibadilishwe ila kwa mvua iliyojaza maji kiwanja, msiba mkubwa au boti kutosafiri. Anayebadilisha aandike sababu na asaini. Na tangazo lisiishie kwenye simu. Karatasi moja ya ratiba ya mwezi mzima ikibandikwa kwenye kila maskani na kila sokoni, kwa mji wa Chake na Wete haifiki karatasi mia. Gari la matangazo lipite asubuhi ya siku ya mechi, kwani likipita jana watu wameshasahau. Msimu wa karafuu lipite pia njia za mashambani, kwa kuwa watu wako huko mpaka jioni, na ndio msimu ambao pesa ipo mfukoni.

Mlangoni nako kuna tatizo la hesabu ndogo tu. Muuzaji mmoja wa tiketi, akipokea noti na kutafuta chenji, hutumia kama sekunde 20 kwa mtu. Watu 400 ni sekunde 8,000, zaidi ya saa mbili. Dirisha linafunguliwa nusu saa kabla ya mchezo, mmoja anauza, na watu wanasikia goli la kwanza wakiwa nje. Wauzaji wanne wanamaliza kazi hiyo kwa dakika 33 na kitu. Bei iwe ya noti moja isiyohitaji chenji, na nusu ya tiketi ziuzwe tangu asubuhi dukani au kwenye kituo cha gari. Akina mama wanaokuja wawe na mlango wao na sehemu yao yenye kivuli na choo kinachofungika. Wapo wengi wanaopenda mpira. Kupigwa vikumbo mlangoni ndiko wasikokutaka.

Lipo jambo jengine ambalo ratiba peke yake hailitibu. Chuo kidogo cha Marekani, hata kile cha daraja la tatu kisichotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, kina wazazi wa wachezaji, wanafunzi na wahitimu, na kila mwaka kinaweka siku moja ya wahitimu kurudi na kukaa jukwaani. Watu wake wameshapatikana kabla ya mpira kuanza. Klabu ya Malindi ya Unguja ilipochukua ubingwa wa Muungano mwaka 1989 na 1992 ilikuwa na mtaa nyuma yake. Leo sehemu kubwa ya timu za juu za Zanzibar ni za vikosi vya serikali: KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto. Vikosi vinawapa vijana ajira, na bila ya vikosi ligi ingelikuwa dhaifu zaidi, hilo hatulikatai. Lakini nani anazaliwa shabiki wa KVZ? Kila timu ya kikosi ichague shehia moja na skuli mbili zilizo karibu na kambi yake, wachezaji wafundishe watoto mara moja kwa wiki, na watoto hao waongozane na timu uwanjani siku ya mechi ya nyumbani. Mtoto mmoja huja na mkubwa mmoja. Hapa Pemba Chipukizi ina Chake, Jamhuri na Mwenge wana Wete. Mechi zao wenyewe kwa wenyewe zisiwekwe katikati ya wiki kamwe.

La mwisho tunaliomba kwako, Mhariri. Hakuna anayejua watu wangapi hasa huja kwenye mechi za ligi, kwa sababu hesabu hufanywa kwa macho. Vishina vya tiketi vihesabiwe na watu wawili, waliolipa mbali na walioingia bure, na kamisaa wa mchezo aandike idadi hiyo kwenye ripoti yake pamoja na saa halisi ya kuanza. Hapo ndipo tutajua kama Ijumaa inaleta watu kuliko Jumapili, au kama tumekosea. Gazeti lako linapochapa matokeo, liulize namba hiyo na iwekwe chini ya majina ya wafungaji. Ikiwa ni 41, ichapwe 41.

Wasimamizi wa mechi,
Chake Chake, Pemba